Kihesabu Hatua cha Kubana Kiunoni: Tathmini Baada ya Miezi 14

Kifaa ninachokitathmini hapa ni kihesabu hatua cha kawaida kabisa, kile kidogo kinachobanwa kwenye mkanda au kwenye ukingo wa suruali au sketi, kisichotumia intaneti, kisichounganishwa na simu, wala kutoa mlio wowote. Nimetembea nacho kwa miezi 14. Kabla yake nilikuwa nimejaribu mara 3 kujijengea mazoea ya kutembea kila siku, na mara zote nilianza kwa nguvu, nikafika wiki ya tatu au ya nne, kisha nikaacha bila hata kujua ni siku gani hasa niliacha. Kwa hiyo nilipokinunua nilikuwa na swali moja kubwa: je, kifaa kama hiki kinaweza kumsaidia mtu wa aina yangu asiache tena? Suala la kuhesabu sawasawa nililiweka la pili.

Chapa sitaitaja. Vifaa vya namna hii hutengenezwa na kampuni nyingi, na vinafanana kwa sura na kwa utendaji kiasi kwamba mengi nitakayoyasema yanahusu aina nzima. Machache yanayohusu changu peke yake nitayabainisha.

Kwa ukubwa kinakaribia kiberiti. Mbele kina kioo kidogo chenye tarakimu nyeusi, chini ya kioo kuna vitufe viwili, na nyuma kuna kibanio cha plastiki pamoja na kifuniko cha betri kilichokazwa kwa skrubu moja ndogo. Betri yenyewe ni ile bapa ya mviringo inayofanana na sarafu, na ya kwanza ilidumu kwa miezi 9. Kuna pia kamba nyembamba ya usalama, ambayo mwanzoni niliitupa kwenye droo nikiona haina kazi. Ifikapo saa 6 usiku hesabu hurudi sifuri yenyewe, na jumla ya siku iliyopita huingia kwenye kumbukumbu, ambayo hubeba siku 7 tu. Siku ya nane inapoingia, ya kwanza hutoka na haipatikani tena. Naomba msomaji alishike jambo hili la siku 7, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike tathmini hii, na nitalirudia.

Vihesabu hatua vya zamani vilikuwa na kijiti kilichoning'inizwa kwa springi. Nyonga ilipopanda na kushuka, kijiti kilicheza kikagusa ncha ya umeme, na kila mguso ukahesabiwa kuwa hatua; ndiyo maana vilihitaji kukaa wima, na kama mkanda ulilegea na kifaa kikalala, hesabu ilipotea. Changu kina kihisi cha kielektroniki kinachopima mabadiliko ya mwendo katika pande 3, hivyo kinaweza kukaa hata mfukoni na bado kikahesabu. Kina tabia moja iliyonichanganya wiki ya kwanza: hakianzi kuonyesha hatua mpaka mtu awe ametembea kwa sekunde chache mfululizo. Ukiinuka kwenye kiti ukapiga hatua 3 hadi dirishani, tarakimu hazisogei. Kimetengenezwa kisubiri mdundo wa kutembea kabla ya kuuamini, ili kisihesabu mitikisiko ya gari au ya mtu anayejigeuza kwenye kiti, na mtu akiendelea kutembea, zile hatua za mwanzo huongezwa zote kwa mkupuo.

Nilikipima kwa kutembea hatua 500 kwa mwendo wangu wa kawaida huku nikizihesabu kwa mdomo, mara 4 kwa siku tofauti, na tofauti kubwa kabisa niliyoiona ilikuwa hatua 9. Kwangu hilo linatosha. Katika jambo moja naona kinaizidi saa ya mkononi inayohesabu hatua: saa husoma jinsi mkono unavyopunga, na mtu akisukuma kigari cha mtoto au akibeba mzigo kwa mikono miwili, mkono hutulia na hatua nyingi hupotea. Nyonga haina njia ya kubaki nyuma miguu inapokwenda.

Hata hivyo usahihi huo ni wa mtu anayetembea kama ninavyotembea mimi. Shangazi yangu ana miaka 71 na goti lake la kulia linamsumbua. Nilimnunulia chake, cha aina ileile, na jioni ya siku ya tatu akanipigia simu.

"Mwanangu, hiki kidude chako kinanidhulumu," aliniambia. "Nimezunguka uwanja mzima mara 2, kinaniandikia hatua 140."

"Pole, shangazi. Labda hakijakaa vizuri kiunoni. Kesho nitakuja tutembee wote nikiangalie."

Kesho yake nilikwenda, nikamfuata kwa nyuma kidogo nikihesabu kimyakimya. Alikuwa akiuburuta mguu wa kulia, anapiga hatua 5 au 6, anasimama na kushika ukuta, anavuta pumzi, kisha anaendelea. Hapo nikaelewa. Kila aliposimama, kifaa kilianza upya kuusubiri ule mdundo wa sekunde chache, na kabla hakijauamini, shangazi alikuwa ameshasimama tena. Nilipofikisha hatua 300, chake kilisoma 87. Akanitazama bila kusema neno, akakibandua kiunoni akanikabidhi.

Hata mtu asiyesimamasimama, akitembea polepole sana au kwa kuburuta miguu, hatua zake nyingi hazihesabiwi na vifaa hivi, kwa sababu mtikisiko wa nyonga huwa mdogo mno. Wauzaji wanapaswa kuliandika jambo hili waziwazi kwenye boksi, kwa kuwa wazee na wanaopona maradhi ndio mara nyingi huambiwa na daktari watembee, na ndio watoto wao huwanunulia vifaa vya namna hii kama zawadi. Mtu aliyetoka nje na maumivu yake, akajikaza, akarudi nyumbani kisha akaonyeshwa kwamba hakufanya kitu, amevunjwa moyo kuliko ambaye hakupewa kifaa chochote. Kwa mtu kama shangazi kipimo sahihi ni dakika. Sasa anatembea kwa kutumia saa yake ya ukutani: anaitazama anapotoka, anaitazama anaporudi, anaandika dakika kwenye kalenda, na hakuna anayemdhulumu.

Kifaa changu kilikuja kimeshawekewa lengo la hatua 10,000 kwa siku, na naamini lengo hili limewafanya watu wengi waache kutembea, ingawa lilikusudiwa kuwahimiza. Asili yake ni ya kibiashara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani ilianza kuuza kihesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, jina linalomaanisha kipimo cha hatua 10,000. Namba hiyo ilikuwa nzuri kutamka na rahisi kukumbuka, ikasambaa ulimwengu mzima, na leo iko ndani ya simu na saa za watu ambao hawajawahi kulisikia jina la kifaa kile. Kwa mtu ambaye hatua yake ina urefu wa sentimita 70, hatua 10,000 ni kilomita 7. Na akitembea kwa kasi ya hatua 100 kwa dakika, ambayo watafiti wengi huichukulia kuwa ndiyo mwanzo wa mwendo wa kukaza kidogo, atahitaji dakika 100. Wapo wanaozipata dakika hizo kila siku. Mimi si mmoja wao, na sidhani kwamba aliyekaa ofisini mwaka mzima atazipata kuanzia Jumatatu ijayo.

Tafiti za karibuni zina maneno ya upole zaidi. I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti juu ya wanawake wazee zaidi ya 16,000 wa Marekani, waliovalishwa vifaa vya kupima mwendo na kufuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliokuwa wakitembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walifariki kwa kiwango kidogo kuliko waliotembea zipatazo 2,700, na nafuu iliendelea kuongezeka hadi kwenye hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Utafiti wa kufuatilia watu hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba ni kutembea kulikowaongezea umri, kwa sababu mwenye afya njema hutembea zaidi hata bila kuambiwa. Lakini unatosha kumwondolea mtu ile fikra kwamba chini ya 10,000 amepoteza muda wake. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linahimiza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na liliachana na sharti la zamani kwamba ni lazima kila kipande kifikie dakika 10 ndipo kihesabiwe.

Kwa hiyo nilifanya hivi. Wiki ya kwanza nilikivaa bila kubadilisha chochote katika maisha yangu, nikaandika hesabu ya kila siku, nikagawa kwa 7, nikapata 3,850. Hapo ndipo nilipojua nilipo. Kisha nikabonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja mpaka lengo likaanza kumetameta, nikalishusha hadi 5,500. Miezi 2 baadaye nikalipandisha hadi 6,500, na limebaki hapo mpaka leo. Kuwa na lengo si jambo dogo. Dena Bravata na wenzake, walipokusanya tafiti 26 kuhusu vihesabu hatua mwaka 2007, waliona kwamba watumiaji waliongeza zaidi ya hatua 2,000 kwa siku kwa wastani, na kwamba kuwekewa lengo la hatua kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoonyesha wazi nani ataongeza na nani hataongeza. Ila ni lazima liwe lengo ambalo mtu akiwa na siku ya kawaida, yenye uchovu wake na shughuli zake, atalifikia.

Sasa nifike kwenye zile siku 7.

Jaribio langu la mwisho kabla ya hiki lilitumia programu ya simu ambayo ilihesabu siku mfululizo nilizofikia lengo, ikaziweka juu kabisa ya kioo kwa tarakimu kubwa. Mwanzoni niliipenda sana. Nilifika siku 10, nikapewa alama; nikafika 20, nikapewa nyingine; nikafika 23. Siku iliyofuata nilishikwa na homa nikalala kutwa. Asubuhi yake niliamka nimepata nafuu, nikafungua programu, nikakuta sifuri. Zile siku 23 zilikuwa bado ndani ya miguu yangu, moyo wangu na pumzi zangu zilikuwa na nguvu kuliko mwezi uliotangulia, lakini kilichokuwa mbele ya macho yangu kilisema sijaanza. Nilijitahidi siku 2 zaidi. Kila nilipoiona ile namba 2 mahali palipokuwa na 23 niliona uvivu kuifungua programu, na kwa kuwa kutembea kwangu nilikuwa nimekufunga ndani yake, nilipoacha kuifungua niliacha na kutembea.

Kihesabu hatua cha kiunoni hakina kitu kama hicho. Katika wiki ya tatu, ile ambayo siku zote ilinishinda, ilikuja siku nikapata hatua 1,412. Kesho yake nilibonyeza kitufe cha kurudi nyuma, na siku zikapita mbele yangu moja baada ya nyingine: 1,412, kisha 6,230, kisha 5,540, kisha 5,905, na kuendelea mpaka siku ya saba. Ilikuwa siku moja mbaya miongoni mwa siku 6 nzuri, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kweli. Hapakuwa na sifuri ya kunikaripia. Na wiki moja baadaye ile 1,412 ilikuwa imeshatoka kwenye kumbukumbu, kifaa kimeisahau, na mimi nimeisahau pamoja nacho. Naikumbuka leo kwa sababu tu niliiandika kwenye daftari. Sijui kama waliokitengeneza waliiwekea kumbukumbu siku 7 kwa hekima au kwa kubana matumizi, lakini kwa mtu anayejenga mazoea ndio urefu unaofaa. Unatosha kumwonyesha kama wiki yake inakwenda juu au chini, na ni mfupi kiasi kwamba kosa halimkalii kichwani.

Katika hili utafiti unaniunga mkono. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kuanzisha zoea moja jipya la kila siku, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba muda wa katikati wa kufikia mahali ambapo jambo linajifanya lenyewe ulikuwa siku 66, huku watu wakitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kwa kiasi kikubwa ujenzi wa zoea. Programu inayomrudisha mtu sifuri kwa sababu ya siku moja inampa habari isiyolingana na yanayotokea ndani yake. Mimi mwenyewe nadhani nilifika mahali pa kujifanya lenyewe katika mwezi wa tatu. Nililijua hilo jioni moja nilipojikuta nimeshafika njiani nikiwaza mambo ya kazini, bila kukumbuka kwamba nilikuwa nimeamua kutoka.

Lazima nikiri, hata hivyo, kwamba kifaa hakimtoi mtu nje. Kinaandika tu yaliyotokea. Kilichonitoa nje ni mahali nilipokiweka. Nikirudi kutoka kazini huvua viatu karibu na mlango, na hapohapo huwa nimeziweka raba zangu za kutembelea. Kifaa kinalala ndani ya raba ya kushoto. Siwezi kuivaa bila kukitoa, na nikishakitoa nimekishika mkononi, na nikishakishika nakibana. Miaka yote iliyopita niliamua kwa maneno kama "mwaka huu nitatembea zaidi," uamuzi usio na saa wala mahali. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameeleza kwa muda mrefu tofauti kati ya nia ya jumla na mpango wenye sura ya "likitokea hili, nitafanya lile," akionyesha kwamba mpango wa aina ya pili hutekelezwa mara nyingi zaidi kwa sababu tukio lenyewe linamkumbusha mtu. Kuvua viatu ni tukio langu. Mwingine atachagua kufunga duka, kumaliza kupiga mswaki, au kumfikisha mtoto shuleni. Muhimu liwe jambo ambalo tayari hutokea kila siku bila kukumbushwa. Anayenunua kifaa bila kukipa tukio la kukiegemeza, nina hofu kwamba kitaishia kwenye droo pamoja na ile kamba.

Jambo jingine ambalo kifaa hakiwezi kulifanya ni kumgongea mtu mlango. Jumanne na Alhamisi natembea na jirani yangu, mama mmoja mstaafu ambaye hana kihesabu hatua wala hakitaki. Husimama nje akaita, "Jirani, upo?" na siku ambazo nilikuwa nimeshajipa sababu 4 za kubaki ndani, sababu zote 4 huisha pale pale. Ukitazama daftari langu, siku hizo mbili ndizo ambazo karibu sijakosa kabisa. Sarah Hanson na Andy Jones, waliokusanya mwaka 2015 tafiti 42 kuhusu vikundi vya kutembea, walikuta kwamba watu wengi waliojiunga walibaki, na kwamba afya zao ziliboreka katika vipimo kadhaa, ikiwemo shinikizo la damu. Kama msomaji anaweza kupata kimoja tu kati ya mwenzake na kifaa, achukue mwenzake.

Kuhusu zawadi na malipo, ambayo baadhi ya waajiri na kampuni za bima huyaambatanisha na hesabu ya hatua, nitasema kwa ufupi. Utafiti uliofanywa Singapore kwa wafanyakazi 800, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba waliolipwa fedha walitembea zaidi kwa miezi 6 ya malipo, lakini fedha zilipokoma, nyongeza ile nayo haikudumu. Ndivyo ningetarajia.

Kuna hasara moja ya kuhesabu ambayo niliichelewa kuiona. Jordan Etkin alionyesha katika makala ya mwaka 2016 kwamba watu wanaopima shughuli wanayoipenda huifanya kwa wingi zaidi lakini huifurahia kidogo zaidi, kwa kuwa huanza kuiona kama kazi. Nililijua hilo usiku mmoja wa mwezi wa tano, saa 5 kasorobo, nilipokuwa nikizunguka meza ya sebuleni ili nimalizie hatua 340 zilizobaki, nimechoka, nyumba nzima imelala. Nilisimama katikati ya mzunguko nikajiuliza ninazitembea kwa ajili ya nani. Tangu hapo Jumapili nakiacha ndani ya raba nyingine, ya akiba, na kutembea bila chochote kiunoni. Kumbukumbu inaonyesha sifuri kila Jumapili, na sifuri hiyo nimeizoea. Najua maana yake. Matembezi ya Jumapili ndiyo marefu kuliko yote, nadhani, ingawa sina namba ya kukuthibitishia.

Kasoro za kifaa chenyewe nitazitaja bila kuzipunguza. Kibanio kinalegea. Katika mwezi wa nane kiliteleza nilipoinama kufunga kamba za kiatu, nikagundua mita 200 baadaye, nikarudi nikikitafuta kwa macho ardhini hadi nikakikuta kimelala kwenye nyasi, kioo kimekwaruzika kona moja. Siku hiyo nikaitoa ile kamba ya usalama kwenye droo. Kioo hakina taa, hivyo jioni giza likiingia hakisomeki. Vitufe vimejitokeza mno, na mara 2 mkanda uliviminya nilipoketi, lengo likabadilika bila mimi kujua. Betri inapobadilishwa, saa ya ndani hurudi mwanzo na zile siku 7 zote hufutika. Anayezihitaji aziandike kwanza. Hakivumilii maji zaidi ya jasho na manyunyu. Aidha, kile cha kwanza nilichonunua kilikuwa kibovu, kilihesabu hata kikiwa juu ya meza, na muuzaji alinizungusha wiki 3 kabla ya kunibadilishia. Wiki 3 ni muda uleule ambao mazoea yangu yalikuwa yakifa, na sioni kwa nini kubadilisha kitu kidogo kiasi hiki kuchukue muda mrefu hivyo.

Pamoja na hayo nakipendekeza kwa mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida, ambaye ameshawahi kuanza akaacha, na hasa yule ambaye programu za simu zilimvunja moyo kwa kumhesabia mfululizo. Simpendekezei anayetembea kwa kusimamasimama, anayetumia fimbo au kigari cha kujishikiza. Huyo aweke saa na kalenda. Wala simpendekezei anayetaka kujua njia aliyopita, kasi yake au mapigo ya moyo, maana hakionyeshi lolote kati ya hayo. Ukienda kukinunua, ulizia kumbukumbu inabeba siku ngapi, kibane kwenye mkanda wako mwenyewe na uiname mara 3 mbele ya muuzaji, kisha kiweke juu ya meza dakika nzima uone kama tarakimu zinatulia. Hakikisha pia kwamba kamba ya usalama imo ndani ya boksi.